Jinsi ya kuongoza kese ya haki hapa Goma, ukianzia kwako mwenyewe

Mwaka 2023, kule Kanyaruchinya, kambi ya watu waliokimbia vita, tulikuwa tunagawia wamama sabuni na bidoni. Nilikuwa nimevaa gile (kizibao) yenye logo yetu mgongoni, simu mkononi, nawapanga msururu ili foto zitoke vizuri, kila mmoja anashika kipande cha sabuni mbele ya kifua, anatazama simu, napiga, anapita, anakuja mwingine, na nilikuwa na haraka juu wafadhili walikuwa wanangoja hizo foto jioni ile ile. Mama mmoja akafika, mtoto amelala mgongoni, akaangalia sabuni, akaniangalia mimi, akauliza polepole kabisa, bila hasira yoyote: "Papa, kama nakatala foto, ile sabuni utairudisha?"

Sikumjibu. Juu jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Nililala na lile swali siku nyingi sana. Mimi niliyekuwa nikiongea kwa redio juu ya heshima ya mwanamke, hapo mbele ya huyo mama heshima yake nilikuwa nimeipa bei ya sabuni moja, na hakuna aliyenilazimisha, ni mazoea tu. Tangu siku hiyo nikaanza kubadilisha namna tunavyofanya kazi, na kila nilipogusa kitu kwenye kese yetu niligundua kwamba kitu chenyewe kimeshikwa na tabia yangu mimi, kwa hiyo haya ninayoandika ni mambo mawili yaliyofungwa kamba moja: namna ya kuendesha kese, yaani mfuko wa pesa ya pamoja unaosaidia watu kudai haki zao, na namna ya kujirekebisha wewe unayeshika hiyo kese. Nawaandikia wale walioanza au wanaotaka kuanza, iwe ni kikundi cha watu kumi wanaochanga kila mwezi, iwe ni shirika lenye wafadhili wa ng'ambo, iwe ni nyinyi ndugu zetu mlio Ulaya mnaotuma pesa nyumbani.

Kwanza jua pesa yako inafanya kazi gani

Kutoa ni moyo, tumeimbiwa hiyo tangu utoto na ni kweli. Lakini kuna kutoa kwa kupoza njaa ya leo na kuna kutoa kwa kuuliza njaa inatoka wapi. Angalia maji. Goma iko kando ya ziwa Kivu, ziwa lote lile, na bado watoto wanapanda toka Kituku na bidoni ya lita 20 mgongoni, wengine hata shule wanachelewa juu ya hiyo safari. Ukinunua bidoni mia moja umefanya vizuri, sitakucheka hata kidogo, mtu mwenye kiu hangoji siasa. Ila mwaka 2012 vijana wa hapa hapa mjini walianzisha harakati inayoitwa LUCHA, wakaenda kudai maji, barabara na kazi kwa wenye mamlaka, bila silaha, wengine wakafungwa, na mwaka 2016 Amnesty International, shirika la haki za binadamu, ikawapa tuzo yake ya Balozi wa Dhamiri. Kazi ya namna hiyo nayo inahitaji pesa, tena pesa ndogo ndogo ambazo hakuna mtu anataka kuzitoa juu hazitoi foto nzuri: nauli ya shahidi kwenda mahakamani mara tano, karatasi za shamba la mjane anayesukumwa na mashemeji, wakili wa kijana aliyekamatwa, kodi ya chumba cha kukutania, vocha za simu.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kaa na wenzako muandike sentensi moja tu: pesa yetu ni ya kusaidia nani adai nini kwa nani. Kama hamwezi kutaja huyo wa mwisho, yule anayedaiwa, basi mnafanya msaada, si haki. Msaada si dhambi, lakini muuite kwa jina lake.

Na usifadhili mguu mmoja ukaacha mwingine. Panzi kule Bukavu, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, yule aliyepata Nobeli ya amani mwaka 2018, wanashughulikia mwanamke aliyebakwa kwa nguzo nne: mwili, moyo, sheria, na namna ya kujitafutia maisha. Nne zote, juu ukimtibu bila kumsindikiza mahakamani anarudi kuishi karibu na aliyemtenda. Kese yako ndogo haiwezi kubeba nguzo nne, ni sawa, lakini ujue nani wa jirani anabeba zile zingine ili umpeleke mtu kwa mkono, si kumwambia tu "nenda kule".

Maadili ni kitu uko tayari kupoteza pesa juu yake

Ingia biro yoyote hapa mjini utakuta ukutani imebandikwa uwazi, uadilifu, usawa, heshima. Sisi pia tulikuwa nazo, tena kwa rangi mbili. Maneno hayo hayana kosa, lakini hayajamzuia mtu kuiba hata siku moja.

Watu wa Goma tunaye mtu wa kutufundisha hili. Floribert Bwana Chui, mtoto wa hapa hapa, alikuwa anafanya kazi Office Congolais de Contrôle, wanaokagua bidhaa zinazoingia mpakani. Watu fulani wakataka apitishe mchele ulioharibika, wakamletea pesa, akakataa, akaogopeshwa, akakataa tena. Julai 2007 wakamteka na kumuua, alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa likamtangaza mwenyeheri kule Roma. Watu wengi wanakumbuka kifo chake, mie nakumbuka zaidi kwamba kabla ya hapo alikuwa anatumia muda wake pamoja na watoto wa barabarani, wale tunaowaitaka maibobo, akiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio. Kwa mawazo yangu siku ile mbele ya mchele hakuanza kufikiri upya. Alikuwa anawajua kwa sura watoto ambao wangekula ule mchele.

Sikwambii ufe. Nakwambia muandike maadili yenu kwa kuanzia na "hatuta", halafu mjiulize kila sentensi itawagharimu nini. Sisi tulifanya hivi: tukakaa watu tisa, kila mmoja akasimulia siku moja ambapo alipewa kitu ili afumbe macho, na kama alifumba aseme. Ilichukua saa tatu na kulikuwa na machozi. Mimi nikasimulia ile sabuni. Mwishoni tukatoka na sentensi nne, si zaidi. Hatutapiga foto ya mtu anayepokea. Hatutapokea wala kutoa asilimia ya kurudisha. Hatutaamua juu ya pesa ya watu ambao hawamo kikaoni. Hatutabaki peke yetu na mtu anayeomba msaada. Basi. Kila sentensi imeshatugharimu, ya kwanza hasa, nitafika huko.

Barabara ya retur uifunge kabla haijapita mtu

Hapa kila mtu anajua operasheni retur ni nini ila wacha niiandike wazi kwa ajili ya ndugu walio mbali. Kikundi kinapewa dola 3000, na yule aliyewasaidia kuipata, awe wa biro ya mfadhili, awe mjumbe wa kati kati, anangojea sehemu yake irudi. Hakuna karatasi. Anakupigia tu jioni: "Mukubwa, vipi, tusisahauliane." Na wewe uliyepokea unajua ukikataa mwaka kesho hautapata, kwa hiyo unakata, halafu unatafuta risiti za uongo za kuziba shimo, na mwenye kulipa ni yule mama aliyeahidiwa mbuzi watatu akapata wawili.

Kukataa kwa mdomo hakutoshi, juu mdomo unachoka. Kinachofunga hiyo barabara ni kila mtu kujua hesabu. Siku kikundi kinapewa pesa, kiasi chote kisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, si mbele ya prezida na sekreteri tu, halafu kiandikwe kwa maka kwenye karatasi kubwa, ibandikwe ukutani pale wanapokutania: tumepokea kiasi hiki, tarehe hii, cha kufanya hiki na hiki. Ikitoka hata dola kumi inaandikwa chini yake. Sasa yule wa jioni akipiga simu prezida ana jibu ambalo si la ushujaa wowote, anasema tu: "Hesabu iko ku ukuta, ba mama bote banaiona, sina fasi ya kuitosha." Nimesikia kwa masikio yangu mama mmoja wa Ndosho akijibu hivyo, akakata simu, akaendelea kuchambua maharagi.

Na wewe mtoaji usijifanye malaika. Jichunguze kama unapokeaka vitu vidogo: kuku, kitenge, chakula kizito siku ya ziara. Kuku wa kikundi maskini ni pesa pia. Tulikubaliana ziara zote tunakula tulichobeba wenyewe, na mara ya kwanza watu waliudhika, kwa desturi zetu mgeni hawezi kuondoka na njaa, ikabidi tukae tueleze, tukakubaliana chai. Chai ni sawa.

Jifunze kwa sanduku la wamama

Mtu anayetaka kujua uongozi wa maadili asiende mbali, aende kwenye mkutano wa wamama wa AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Njia hiyo ilianzia Nijeri mwaka 1991 na shirika la CARE, leo imejaa Kivu nzima. Watu kama 15 mpaka 25, sanduku la chuma lenye makufuli matatu, funguo tatu kwa watu watatu, na yule anayelala na sanduku nyumbani si mmoja wa wenye funguo. Pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wote, kila kikao, na mwisho wa mzunguko, miezi tisa mpaka kumi na miwili, wanagawana yote wanaanza upya.

Angalia akili iliyomo. Hakuna mtu aliyeambiwa kwamba ni mwizi, hakuna anayeombwa awe mtakatifu, ila wizi umekosa fasi ya kukaa. Mimi kwa miaka nilikuwa naomba watu waniamini, wakati wale wamama walikuwa wametengeneza kitu ambacho hakihitaji mtu yeyote aaminiwe. Sasa kese yetu inaendeshwa vivyo hivyo hata pale pesa iko kwenye simu au benki: mmoja ana simu, mwingine ana namba ya siri, wa tatu anapokea ujumbe wa kila pesa iliyotoka. Inachosha? Ndiyo, kuna siku mwenye namba ya siri yuko Sake na tunangoja mpaka jioni. Tunangoja.

Acha wanaopewa waamue, na waamue kwa lugha yao

Hii ndiyo ngumu kuliko zote na hapa nitakawia.

Wakubwa wa dunia wenyewe wamekiri tatizo. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwamba kufikia 2020 angalau asilimia 25 ya pesa ya misaada iende moja kwa moja, au karibu moja kwa moja, kwa mashirika ya nchi zenye shida. 2020 ikapita hawajafika hata karibu. Sisi wa mashirika ya Goma tulilalamika sana juu ya hiyo, mimi nikiwa wa kwanza, halafu siku moja mama mmoja wa kikundi cha wauza makala, yaani mkaa, akanikumbusha kwamba yeye kwangu yuko vile mimi niko kwa mzungu: "Beye banakufanyia vile, na weye unatufanyia vile vile." Alikuwa na haki. Nilikuwa nadai pesa ishuke mpaka kwangu, ikifika kwangu isimame.

Tulichofanya ni kuunda komite ya watu saba, watano kati yao wanatoka kwenye vikundi vinavyoomba pesa: muuza makala, motari (dereva wa pikipiki), fundi wa cherehani, mama aliyehamishwa na vita, kijana aliyewahi kulala barabarani. Wanakaa mwaka mmoja, halafu wanatoka wanaingia wengine. Mimi kodineteri, yaani mratibu wa kese, niko kwenye chumba, naeleza sheria, natoa hesabu, sina kura. Kama kikundi cha mmoja wao kinazungumziwa, yeye anatoka nje mpaka wamalize, na anatoka kweli, si kugeuza kiti. Wanalipwa nauli na chakula, kiasi kile kile kwa wote, juu muuza makala akiacha meza yake saa nne amepoteza siku, mwenye mshahara hapotezi kitu.

Sasa lugha. Zamani tulikuwa tunaomba vikundi vilete karatasi kwa Kifaransa, kurasa kumi, na meza ya hesabu. Unajua nani alikuwa anaandika? Vijana fulani walimaliza chuo, wanalipwa kuandikia watu proje, zote zinafanana, hata makosa ya hesabu yanafanana. Kikundi chenye nguvu kabisa kule Buhene hakikuwahi kuomba. Tukaacha. Sasa mtu anatuma sauti kwa WhatsApp kwa Kiswahili, dakika kumi, anajibu maswali matano: mko wangapi, shida ni nini, nani anaweza kuitatua na hataki, mnataka kufanya nini, mnahitaji nini. Kama anaona afadhali Kinande, Kihunde, Kinyarwanda, aseme, kwenye komite hakosi mtu wa kutafsiri. Asiye na simu anakuja anasema, tunamrekodi. Na raporti ni hivyo hivyo, sauti, pamoja na foto ya ile karatasi ya ukutani. Mwezi wa kwanza tulipokea maombi kutoka mitaa ambayo hatukuwahi kuisikia ikituandikia.

Kuna maamuzi komite ilifanya ambayo mimi nisingefanya. Waliwapa wamotari pesa ya kununua daftari na mihuri ili waandike kila faini ya uongo wanayotozwa barabarani, tarehe, saa, fasi, kiasi. Mimi niliona ni kupoteza. Baada ya miezi minne walikuwa na madaftari sita yaliyojaa na wakaenda nayo kwa wakubwa, na kwa mara ya kwanza mtu aliwasikiliza juu walikuwa na kitu mkononi. Kama ningekuwa na kura hiyo pesa isingetoka. Kama unataka mfano mkubwa zaidi kuna Fonds pour les Femmes Congolaises, tangu 2007 wanawake Wakongo wanatoa pesa kwa vikundi vya wanawake Wakongo, hata vile vidogo.

Juu ya mwili wa watu

Sitaandika marefu hapa lakini mtu asiruke. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu Kaskazini na kumalizika Juni 2020 iliua watu zaidi ya 2200, na ilileta pesa nyingi na kazi nyingi. Septemba 2021 komisheni huru, mmoja wa viongozi wake wawili akiwa mama yetu Julienne Lusenge, ilitoa raporti yake: wanawake na wasichana waliahidiwa kazi kwa kulala na wakubwa, watu 83 walitajwa kuwa walitenda, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Walikuja kuokoa watu.

Kwa hiyo usiseme "kwetu hakuna". Weka hivi: hakuna mtu mmoja peke yake anayeamua nani apate kazi au pesa. Hakuna mkutano wa watu wawili na mlango umefungwa. Na malalamiko yasipitie kwako. Tafuta mwanamke nje ya shirika lenu, mtu ambaye hamumlipi mshahara na haogopi kukosana na nyie, namba yake isomwe kwa sauti kila siku ya kugawa pesa, kwa Kiswahili, na iseme wazi kwamba kodineteri naye anaweza kushitakiwa hapo. Mara ya kwanza niliposoma namba hiyo kwa mdomo wangu mwenyewe nilisikia aibu kana kwamba nimeshakosa. Aibu ilipita, namba ikabaki.

Wewe sasa

Watu wanapenda formasio za uongozi, tunakaa hoteli ya kando ya ziwa siku tatu, tunatoka na setifika. Nimezifanya nyingi. Kilichonibadilisha ni daftari la franga chache na mtu mmoja anayenisema.

Daftari: kila Jumapili jioni, kabla ya kula, naandika majibu ya maswali matatu. Wiki hii nani nilimkatiza maneno? Nani nilimngojesha, na alikuwa na cheo gani? Ni wapi niliogopa kusema kweli juu ya pesa? Lile la pili ndilo lililonifunua. Baada ya wiki kama nane nikasoma kurasa za nyuma nikakuta kwamba sijawahi kumngojesha mzungu hata mmoja wala mtu wa serikali, ila wamama niliwangojesha karibu kila wiki, saa moja, saa mbili, wamekaa kwenye benchi la nje na watoto. Sikuwa najua. Kwa moyo wangu nilikuwa nawapenda. Nikahamisha kiti changu: siku za kupokea watu nakaa nje kwenye lile lile benchi, na anayekuja na gari anakuta niko hapo na wamama anangoja zamu yake.

Mtu wa kukusema: asiwe mfanyakazi wako, asiwe mke wako wala mume wako. Wangu ni mama mmoja wa Birere, muuza vitenge, nilimwomba kwa heshima na alikubali kwa sharti kwamba sitajitetea. Mara moja kwa mwezi anazungumza na watu anaotaka, halafu ananiambia alichosikia, na mimi nasema tu "asante mama" nikaenda nyumbani. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naumwa tumbo usiku wa kuamkia siku hiyo ya kukutana naye. Alichonisema mara nyingi zaidi ni kwamba nacheka na watu wakati wananieleza jambo zito, na nikaja kuelewa ni woga, nilikuwa nafunika nisiumie.

Hapo kuna jambo ambalo sisi wa Goma hatulisemi. Sisi tunaosaidia tumeumia pia. Volkano ya 2002, volkano ya 2021, vita juu ya vita, wengi wetu tulizika watu kisha kesho yake tukaenda kazini kusikiliza waliozika. Mtu mwenye jeraha lisilotazamwa akipewa pesa na madaraka, hasira yake inatafuta mahali pa kutokea, na mara nyingi inatokea kwa mnyonge. Weka kwenye bajeti ya kese, kwa jina kabisa, pesa ya nyie wenyewe kukaa na mtu anayejua kusikiliza. Sisi tunafanya mara nne kwa mwaka, kwa siku nzima, simu zinazimwa.

Siku mfadhili anapotaka foto

Nilisema sentensi ya kwanza ilitugharimu. Mfadhili mmoja alitaka sura za wanawake waliobakwa, na majina ya kwanza, kwa ajili ya jarida lao la mwisho wa mwaka. Tulijibu hapana. Wakapendekeza sura nusu. Komite ikakaa, wale watano walijua kabisa pesa hiyo ni ya vikundi vyao, na wakapiga kura ya kukataa, watano kwa wawili, na wale wawili hawakuwa wa vikundi. Tulipoteza mwaka mzima wa pesa.

Ukifika hapo andika barua fupi bila matusi: tunakataa hiki, sababu ni hii, tunaweza kuwapa badala yake hiki. Sisi tulitoa sauti za wanawake waliotaka kuongea wenyewe, bila jina, wakizungumzia walichodai na walichopata. Huyo mfadhili hakurudi. Mwingine alirudi. Usiahidi watu wako kwamba ukweli unalipa, wakati mwingine haulipi, waambie tu kiasi mlichopoteza na kiandikwe ukutani pamoja na vingine.

Na uwe na pesa isiyotoka kwa mfadhili, hata kidogo. Mwisho wa Januari 2025 ilikuwa siku chache tu tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje, tarehe 20, na vita vikaingia mjini, benki zikafungwa. Mashirika mengi yalisimama siku ile ile. Sisi tulibaki na michango ya wanachama, franga 1000 kwa mwezi kila mmoja, iliyokuwa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha mtu mmoja wa Mabanga, na kwa pesa hiyo ndogo wamama walinunua unga na dawa za watoto kwa familia zilizokuwa zimefungiwa ndani, wiki mbili, bila kumwomba mtu ruhusa, juu tayari walikuwa na desturi ya kuamua wenyewe. Mimi nilikuwa upande mwingine wa mji, sikuweza kufika. Niliposikia walichofanya, walikuwa wameshamaliza na hesabu imeandikwa.

Kuhusu kuondoka: andikeni mapema kwenye sheria zenu miaka ambayo kodineteri atakaa, sisi ni mitano, na mtu wa kunifuata ameshaanza kushika funguo. LUCHA wao walikataa hata kuwa na prezida, na mpaka leo wanaendelea. Sisi hatukufika huko.

Kama mnaanza wiki hii, sanduku lenyewe si kazi. Fundi yeyote wa chuma anaweza kulichomea, mwambieni aweke mapete matatu ya kufuli na tundu dogo la kupitishia noti juu, na bawaba ziwe za ndani, za nje zinang'olewa kwa bisibisi. Makufuli mnunue ya aina tofauti, siku tofauti, juu yale ya bei rahisi ufunguo mmoja unafungua mawili. Jaribuni zote mbele ya watu kabla ya kuweka hata franga mia.